CD Uliyoiwekea Kikombe

Njoroge, mzee wangu,

Mbwa wangu wa zamani alikufa, nikapata mwingine, na huyo mwingine Jumamosi alikubwekea kama mwizi ukiingia kwa geti. Nilimsikia nikiwa jikoni na sikumnyamazisha haraka. Nilisema wacha abweke, kwani amekujulia wapi? Miaka miwili uko Nairobi unaniambia kwa simu, "Shosho, nakuja mwisho wa mwezi." Mwezi gani huo usiokuwa na mwisho? Nairobi si ng'ambo. Watu wanatoka huko asubuhi, wanafika hapa Eldoret, wanazika mtu wao, wanakula, wanarudi. Lakini wewe ulingoja mpaka ukapata ng'ambo yenyewe, ndipo ukakumbuka kuna nyanya mzee hapa Kiplombe aliyekuosha matako.

Sasa umekuja, umekaa siku tatu, na kesho unapanda ndege uende Kanada. Siku tatu hata maziwa hayajaganda kuwa lala vizuri.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia usile ovyo, usilale bila kuomba, usimpe mtu pasipoti yako akushikie. Hayo utaambiwa na shangazi zako kesho pale uwanja wa ndege, wote wakisema pamoja, na hutasikia hata moja. Mimi nataka kukuambia habari ya ile CD.

Anayeniandikia ni Halima. Unamjua. Ni yule aliyekuwa msichana wa duka la vitambaa lililopakana na kibanda cha baba yako mjini, baba yako akamfundisha kompyuta, na leo ana duka lake la simu na watoto wakubwa. Asubuhi nilikuambia naenda mkutano wa akina mama wa kanisa. Hakukuwa na mkutano. Nilikuja hapa kwa Halima, na bado niko hapa, na wewe uko huko ukiaga marafiki zako. Nimemwambia aandike vile nasema, asinipake adabu ambayo sina. Amecheka. Anasema, "Mama, nikiandika vile unasema, kijana atalia kabla hajafika katikati." Nimemwambia wacha alie, macho amepewa ya nini.

Unakumbuka Jumamosi jioni. Nilikuwa nimekuambia kwa simu uazime ile mashine ndogo ya kusoma CD, na ukaazima, hiyo nakushukuru. Baada ya chai nikaitoa CD chini ya godoro langu, nimeifunga kwa kitambaa changu cha kanisa. Ukaitia kwa mashine. Ikazunguka, ikaguna, ikanyamaza. Ukasema, "Shosho, hii haina kitu." Nikakuambia jaribu tena. Ukajaribu. Ukasema ni tupu kabisa, ukanieleza kwa upole kama mtu anayeongea na mtoto kwamba CD za zamani huisha, na siku hizi hata hazitumiki. Halafu simu yako ikalia. Ukaitoa ile CD, ukaiweka mezani, ukaweka kikombe chako cha chai juu yake, ukaenda nje kuongea.

Mimi nilibaki nikiangalia kile kikombe. Uliporudi ulinikuta nimenyamaza ukadhani ni uchovu, ukaniambia nilale. Kama ningefungua mdomo saa ile ningekupiga, na siku hizi wewe ni mrefu kuliko mlango, ningeumia bure. Lakini ukweli ni kwamba hukujua. Hukujua kwa sababu miaka hii yote sikukuambia. Basi kaa chini nikuambie.

Babu yako, ambaye umebeba jina lake na ndiyo sababu nakuita mzee wangu tangu ukiwa mgongoni, alikufa kabla ya vile vita vya uchaguzi, makabila yalipogeukana na nyumba zetu zikachomwa. Alikufa kwa kitanda chake, Burnt Forest, kwa shamba letu la viazi na ng'ombe, nikiwa nimemshika mguu. Kwa hilo namshukuru Mungu. Hakuwa mtu wa kupigwa picha. Alikuwa na moja tu nzuri, na ilikaa ukutani juu ya redio, yeye na jirani yetu Kiptanui wamesimama mbele ya deri ya kupokea maziwa, kila mmoja na mkebe wake wa maziwa, siku ambayo deri ile ilifunguliwa. Mpiga picha alitoa mbili. Moja tukaitundika sisi. Ya pili babu yako akampa Kiptanui. Mimi nilimgombeza. Nilimwambia picha ni ya nyumba, ya nini kuigawa kwa majirani kama mbegu za viazi? Akaniambia, "Kwani yeye hayuko ndani?"

Siku tuliyokimbia, nilipata nafasi ya kuingia ndani ya nyumba mara moja. Mara moja tu. Picha ilikuwa pale usawa wa macho yangu. Niliiona vizuri. Debe la unga lilikuwa chini yake. Nikatoka na unga.

Wewe ulikuwa mgongoni, na ule unga ndio ulioula tukilala pale showground, kambini kwa waliokimbia, uji mwembamba na chumvi kidogo. Sijutii unga. Nimejaribu kujuta na nimeshindwa. Lakini hakuna aliyeniambia nikiwa mdogo kwamba mtu anaweza kufanya jambo la sawa kabisa na bado limuume mpaka kaburini. Nilidhani kinachouma ni makosa peke yake. Sasa nakuambia wewe mapema.

Baada ya showground tukapata hapa Kiplombe. Mama yako alikwenda kwao Molo ukiwa bado unatambaa, hakurudi, na simlaumu. Alikuwa mtoto, na alikuwa ameona mambo. Baba yako, Mwangi wangu, akafungua kile kibanda mjini. Kazi yake ilikuwa kuchoma CD, yaani kuzitia picha na nyimbo. Harusi, kwaya, mazishi, watu walikuwa wanataka kila kitu kwa CD. Siku ya kwanza aliponiambia anachoma, nilisimama nikamwambia katika familia hii hakuna mtu atachoma kitu tena. Alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Burnt Forest, kwa hivyo nikamwachia.

Mimi nilikuwa nakaa mlangoni pake nikitoa minji, njegere mbichi, kwa maganda niuze, na flaski yangu ya chai kando. Kusoma sijui, lakini macho ninayo. Niliona watu wakianza kuja bila harusi wala mazishi. Mwanamke anasimama pale, anashika ukuta, anauliza, "Mwangi, kwa zile harusi za zamani ulizochoma, hakuna mahali mama yangu ameonekana?" Kwa sababu picha zao zilikuwa zimeungua kama zetu. Baba yako akaanza kutafuta. Akapiga simu Nyahururu, Ol Kalou, Molo, kwa binamu na mashemeji, kwa mtu yeyote ambaye aliwahi kutumiwa picha kwa posta au kupewa siku ya sherehe. Zikaanza kurudi. Na hapo ndipo niliona jambo lililonifunga mdomo. Zile tulizojiwekea, tukazipigia misumari na kuzifutia vumbi kila Jumamosi, hazikubaki. Zilizobaki ni zile tuliwapa watu. Babu yako angekuwa hai angenichekelea, angekaa pale akicheka wiki nzima.

Sasa kulikuwa na taabu. Watu wetu walikuwa wametawanyika. Huyu yuko Nakuru, huyu amepelekwa na kanisa Amerika, huyu anafungulia CD kwa kompyuta ya chifu. Baba yako anachoma hapa, inafunguka hapa, ikifika huko haifunguki. Kuna mama mmoja kutoka Nakuru alirudisha yake mara nyingi mpaka nikawa namwekea kiti kabla hajafika. Mwangi alihangaika na jambo hilo kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Alikuwa analala akilisema.

Siku moja akaniambia amepata. Akanieleza vile nitaelewa. "Mama, kompyuta ni kama watu wa hapa kwetu. Kila moja ina kabila lake, na kila moja inadhani lugha yake ndiyo lugha. Mimi sasa naandika kwa ile ndogo ambayo zote zinasikia."

Nikamuuliza, "Na kama zote zinasikia hiyo, mbona hazikuanza nayo?"

Aliangalia zile minji zangu kidogo, halafu akarudi kwa kazi.

Ile lugha ndogo, Halima amenikumbusha hapa, ilikuwa hivi. Kila picha ipewe jina fupi, herufi za kawaida, bila nafasi katikati na bila madoido, kwa sababu kuna mashine zinakata majina marefu. Picha ziwe za aina ile ya kawaida ambayo hakuna mashine inaikataa. Na mwisho, CD ifungwe. Hilo la mwisho ndilo nililisikia zaidi. CD ikifungwa, inafunguka popote, kwa mashine ya kabila lolote, lakini huwezi tena kuongeza kitu ndani. Isipofungwa, unaweza kuongeza leo, na kesho, na mwaka ujao, lakini itasomeka tu kwa mashine iliyoichoma. Huko kwingine itaonekana tupu.

Umeanza kuelewa? Ngoja.

CD za watu alizifunga zote na zikaenda. Yetu haikufungwa, na ni mimi niliyekataa. Kila akitaka kufunga nilimwambia, "Usifunge. Baba yako hajafika." Nilikuwa na tumaini kwamba kuna mtu mahali ana picha ya babu yako. Sikutaka CD ya familia ifungwe mwenye nyumba akiwa nje. Mwangi alinivumilia. Kompyuta yake ilikuwa ndogo, ikijaa anafuta, kwa hivyo picha zetu zilikuwa kwa hiyo CD peke yake. Alijua ni hatari. Aliniambia mara moja, sikusikia, hakurudia. Kwa sababu sijui kusoma alinichorea mkebe wa maziwa juu yake kwa kalamu nyekundu, niijue kati ya zingine. Ule mchoro ndio uliouwekea kikombe.

Kisha siku moja mzee akaingia. Kofia mkononi, na ndani ya kofia kitu kimefungwa kwa gazeti. Alikuwa Kiptanui. Alikuwa amehamia Ainabkoi kwa kijana wake, akasikia sokoni kwamba Mwangi wa Njoroge anatafuta picha za watu. Akasimama mbele yangu akasema, "Mama Mwangi." Mimi salamu nikaijibia minji, sikuinua macho.

Nikuambie kwa nini. Siku tuliyokimbia, tulipita kwa geti lake. Alikuwa amesimama hapo. Hakuwa na moto. Hakuwa na kitu chochote mkononi. Alisimama tu, mikono imening'inia, na mimi nikapita na unga kichwani na wewe mgongoni, na hakuna aliyesema neno, mtu ambaye alikuwa anakunywa chai kwangu kila asubuhi akitoka deri. Nilimlaumu kwa kusimama. Siku hizi nikiwa peke yangu najiuliza, angefanya nini? Labda hakukuwa na kitu. Labda kulikuwa na kitu kimoja, hata kuniita tu jina. Sijapata jibu, na sitakudanganya eti nimepata.

Mwangi alimkaribisha. Akafungua lile gazeti, na ilikuwa ile ile, ya deri, na mikebe. Mimi niliona ikipita kwa upande, sikusimama. Nilijisemea nitaiangalia akishaondoka. Mwangi akaiweka kwa skana, na kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa, ikawa inatoka kwa skana inaingia kwa CD moja kwa moja. Ile mashine ikaanza kuvuma. Halafu stima ikapotea, umeme wa mtaa mzima.

Unajua stima ya hapa. Inapotea, inarudi. Mwangi akasema, "Mzee, kaa kidogo, haikawii. Mama, mpe mzee chai."

Nikasema, "Imeisha."

Flaski ilikuwa hapo kando ya mguu wangu. Nilikuwa nimeijaza saa ile ile na kifuniko sikuwa nimekikaza, mvuke ulikuwa unatoka. Mzee aliuona. Baba yako aliuona. Halima ameacha kuandika sasa hivi ananiambia, "Na mimi niliuona, Mama." Sikuwa nimemuuliza.

Njoroge, unajua desturi yetu, na ya watu wa Kiptanui ni hiyo hiyo. Mtu akikaa kwako na usimpe chai, umemfukuza, ila tu hujainua sauti. Mzee alikaa kidogo zaidi, ili isionekane amefukuzwa. Halafu akasimama, akatoa picha yake kwa skana, akaifunga tena kwa lile gazeti polepole, akaiweka kwa kofia. Akamwambia Mwangi, "Nitakuja siku ingine, kijana." Akaniaga na mimi. Akaenda.

Stima ilirudi wakati ule ambao mtu angekuwa anafika nusu ya kikombe.

Baba yako hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kujibu. Aliangalia flaski, akazima mashine, akafunga kibanda mapema. Baadaye alisema ataenda Ainabkoi aitafute ile picha, na mimi nikamwambia akienda asirudi kula kwangu. Nilisema hivyo, na akatii, kwa sababu alikuwa kijana mzuri. Nimejifunza hapo kwamba mtoto anayekutii sana ni mzigo, maana makosa yako yote yanatimia. Wewe hukunitii hata siku moja na nilikuwa nakupiga, na sasa naona ilikuwa afadhali.

Ndipo kile kifua kikamshika. Ulikuwa umeanza shule. Unamkumbuka akikohoa, nafikiri, zaidi ya vile unamkumbuka akiongea, na hilo linaniuma kwa niaba yako.

Halima alikwenda kuswali kidogo. Nilikaa hapa dukani kwake nikilinda simu za watu, mimi ambaye sijui kuwasha hata yangu vizuri. Kijana mmoja aliingia akaniuliza bei ya chaja, nikamwambia arudi kesho akiwa na adabu. Hakuwa amefanya kitu. Nilikuwa tu na uchungu.

Amerudi. Tuendelee.

Baada ya kumzika nilibaki na boksi zima la CD ambazo sijui zina nini. Mwaka ule kunguru walikuwa wanachimbua mahindi yakiota tu, na watu wakasema CD inafukuza ndege. Nikazifunga kwa kamba nikazining'iniza shambani zote. Unakumbuka hizo. Ulikuwa unakimbia kati ya mistari ukijaribu kushika ule mwanga unaotembea juu ya majani, unacheka, na mimi nimesimama kwa ua wa miti ya kayaba nikikuangalia ukicheza na kazi ya baba yako. Sijui ni picha za mama za watu wangapi zilinyeshewa pale. Kunguru walienda, lakini. Tulivuna vizuri.

Ile ya mkebe mwekundu tu ndiyo sikuifunga kwa kamba. Nililala juu yake.

Basi leo asubuhi nikaileta hapa. Nilimwambia Halima, kijana amesema ni tupu, na mimi ni mjinga, niambie kama nimelalia kitu tupu miaka hii yote. Akaishika kwa pembeni vile baba yako alimfundisha, akaigeuza kwa dirisha. Akanionyesha. Kuna duara limekolea rangi, halafu kuna sehemu inang'aa tu. "Hapa pamechomwa, Mama. Hapa bado. Si tupu, haijafungwa." Akasimama. Akaangalia nyuma ya duka, mahali feni yake imewekwa juu ya boksi la chuma limefunikwa kitambaa. Akaondoa feni. Ilikuwa ile kompyuta ya Mwangi. Niliiuza kwa mtu wa vyuma, na sikujua kwamba Halima alimfuata yule mtu akainunua. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ndiyo nilijifunzia. Ningeiachaje ikatwe?"

Hatukujua kama itawaka. Haikuwaka. Akaifungua, akapuliza, akatoa buibui, akabadilisha waya, ikawaka. Tukaitia ile CD. Ikavuma kwa ile sauti yake, Njoroge, na mimi nilitafuta minji zangu chini kando ya kiti, mikono yangu ilizitafuta yenyewe, na hakukuwa na minji.

Zikatoka. Mimi na gauni la kuazima siku ya ndoa yangu, nimekasirika kwa sababu viatu vinabana. Baba yako na kaptura ya shule, goti moja limechubuka. Nyumba yetu, mabati mapya. Ng'ombe wetu Kaveve akiwa ameuharibu mkao wa watu wote. Mama yako, mdogo sana, amekushika kama mtu aliyepewa kitu cha moto, na anacheka. Nilikuwa nimesahau alikuwa anacheka. Utamwona.

Ya mwisho ikafunguka polepole kutoka juu. Mbingu. Paa la deri. Kofia mbili. Kiptanui ni mfupi, yeye kofia peke yake. Babu yako kofia, paji la uso, halafu macho. Ikasimama hapo. Chini ya macho ni kijivu mpaka mwisho, kama ule ukungu wa Burnt Forest asubuhi. Hapo ndipo stima ilipotea.

Halima alitaka kuizima, nikamkataza. Nilikaa nayo. Macho ni yako, mzee wangu. Nimekulea nikiyaangalia kila siku nikidhani nayakumbuka yake, kumbe nilikuwa naangalia yako tu. Ni hayo hayo. Lakini mdomo wake siukumbuki tena. Nimejaribu pale dukani, nikafunga macho, nikajaribu. Najua maneno aliyosema, na mdomo ulioyasema umeniondoka.

Halima akaniuliza, "Mama, sasa nifunge?" Nikamwambia afunge.

Amechoma mpya, kwa ile njia ya baba yako, majina mafupi, lugha ndogo. Amezijaribu kwa kompyuta yake na kwa ile nyeupe ya binti yake ambayo ni ya kabila lingine, na zimefunguka kote. Moja utaikuta kwa begi lako, ndani ya soksi za kijivu, usizitupe ukifika eti si za mtindo. Moja inabaki kwa Halima. Moja itakwenda Molo kwa mama yako. Amekuwekea na flashi pia, kwa sababu anasema huko hata wewe utacheka CD. Cheka, lakini ibebe.

Usiniombe msamaha wa kile kikombe. Nakujua, utasoma haya utanipigia simu usiku ukilia. Usinipigie kwa hilo. Kikombe kile nilikumiminia mwenyewe. Kuna mtu alikaa kwangu akiwa amenibebea uso wa bwanangu kwa kofia, na hakupata hata hicho.

Halima ameulizia habari za Kiptanui kwa wateja wanaotoka Ainabkoi. Yuko hai. Amezeeka, haoni vizuri, anakaa nje ya nyumba ya kijana wake akiota jua. Utaniuliza mbona siendi mwenyewe, si mbali. Ningekuambia ni miguu. Si miguu. Ni aibu, na aibu ya mtu mzee ni nzito kuliko yeye mwenyewe. Ungekuja mwaka jana ungenishika mkono twende wote. Ungekuja hata mwezi uliopita. Ndiyo sababu nilikugombeza pale mwanzo, na sijaondoa hata neno.

Kwa hivyo sikiliza. Ukirudi kutoka huko, iwe mwaka ujao au nikiwa tayari nimelala kando ya baba yako, usije kwangu kwanza. Shuka Ainabkoi. Beba flaski imejaa, chai ya maziwa, tangawizi kidogo, babu yako na yeye walikuwa wanapenda hivyo. Mwambie wewe ni Njoroge. Atataka kukugusa uso, mwachie. Mmiminie chai, mmiminie ya pili kama ataitaka, na usitaje picha kabisa mpaka ameweka kikombe chini mwenyewe. Kama amekufa, wamiminie watu wake. Halafu ndipo uombe kuiona, uichukue vizuri na hiyo simu yako, yote, kutoka juu mpaka chini kwa viatu, babu yako na Kiptanui, na uwaachie yao.

Ndipo uje Kiplombe. Huyo mbwa nitamfundisha jina lako.